Mwaka wa Fulana Zisizofuliwa

Doto alinipigia nikiwa sokoni Shinyanga, mikono imejaa unga wa muhogo, simu nikaishika kwa ncha za vidole. Zamani alikuwa golikipa wetu, na tangu zamani hajui kuzunguka maneno. Aliniuliza kama nimekaa au nimesimama, kisha akasema Maduhu hatunaye tena, kifua kimemshinda, wanazika kesho kutwa Katoro. Nikamuuliza Maduhu yupi. Katika maisha yangu yote nimemjua Maduhu mmoja tu, lakini niliuliza, na Doto akaniachia nimalize ujinga wangu. Nilifunga meza, nikamwambia jirani yangu wa sokoni aniangalizie magunia, nikaenda nyumbani kutafuta kitenge kisichochuja rangi. Katoro nilikuwa sijakanyaga kwa miaka kumi na zaidi. Nimepita mara mbili kwa basi, na mara zote mbili nilijifanya nimelala.

Sitaeleza nilizaliwa wapi na nani alinilea. Wazazi wangu walilima pamba kama wazazi wa kila mtu, na habari zao zina mahali pake. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja nilipokuwa mpishi wa timu ya mpira iliyoitwa Karasha, jina la ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu, kwa sababu mwenye timu, Mzee Luhende, alikuwa na makarasha matatu na maduara yasiyojulikana idadi. Duara kwetu ni shimo la kuchimbia dhahabu. Mzee Luhende alikuwa na gesti isiyopata wageni, yenye vyumba kumi na moja vilivyopakwa rangi ya bluu kali inayotia kichwa maumivu, na humo ndimo alimowaweka wachezaji, wawili wawili, akawalipa mshahara kila mwezi kama watu wa serikali. Mji mzima ulimcheka. Watu walisema mzee ameona dhahabu ikamzuga, mtu gani analipa vijana wakimbie? Lakini mwaka ule mkoa wetu ulikuwa bado mchanga, ligi ya mkoa ilikuwa na moto, na bingwa wake alipanda daraja. Mzee alitaka kupanda. Alisema ameshuka chini ya ardhi miaka ishirini, sasa anataka mara moja ajue kupanda kukoje.

Jiko langu lilikuwa chumba cha mapokezi. Lile dirisha dogo walikotolea funguo ndilo nilikotolea sahani, na kwa dirisha lile nilisikia kila kitu. Wanaume wakila hawakumbuki kwamba mpishi ana masikio. Nilijua nani ameachwa na mchumba, nani anaota yuko Dar es Salaam anachezea timu kubwa, nani hupaka dawa ya kuchua kwenye goti zima ili asikimbizwe mazoezini. Asubuhi niliwapa uji wa ulezi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, mchana ugali wa muhogo na dagaa, na siku mzee akiwa na furaha, sato. Kocha wetu, Mwalimu Bakari, alitoka Tanga, na kila mlo aliuangalia kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Aliniuliza wiki ya kwanza kama huku hakuna nazi. Nikamwambia nazi zipo, ziko Tanga. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Maduhu alikuwa nahodha. Alikuwa mchimbaji kabla ya kuwa mchezaji, mrefu, mabega yameinama mbele kwa kuzoea kupita mashimoni, na sauti ya chini kama anayeongea na mtu mgonjwa. Wenzake waliacha sahani mezani nzi wakashiba. Yeye aliirudisha dirishani kila mara, akasema kitu kimoja tu. Siku moja alisema, dada Milembe, leo chumvi imepotea njia. Siku nyingine alisema tu ahsante ya Kisukuma, wabeja, akaenda. Nilimpenda. Nasema hivyo sasa nikiwa nimevuka arobaini na yeye yuko chini ya udongo, kwa hiyo hakuna wa kunicheka. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliamini mwanamke akimpikia mtu vizuri kwa mwaka mzima, lazima mtu huyo atambue.

Tulianza ligi kwa kufungwa mechi nne mfululizo. Mechi ya nne, nyumbani, watoto walitutupia maganda ya miwa. Mimi wakati huo, asubuhi za siku ya mnada, bado niliuza mitumba, kazi niliyoifanya kabla ya kambi, na wiki hiyohiyo nilinunua belo la fulana. Belo ni bahati nasibu: unalikata kamba hujui kama utakutana na mashati ya kuvaa kanisani au matambara. Nililikata mbele ya watu, na ndani nikakuta fulana nyeupe zilizofanana, mpya, bado zina mikunjo ya kiwandani, kubwa kama magunia. Kifuani kulikuwa na mchoro wa mpira wenye umbo la yai na maandishi makubwa ya Kiingereza. Nilizihesabu, zikafika ishirini na tatu. Wateja walizicheka, wakasema hizo ni za watu wenye vifua vya ng'ombe. Nikazibeba zote hadi kambini, nikamwonyesha Mwalimu Bakari. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akasema hapa pameandikwa mabingwa wa dunia.

Basi wakazigawana. Zilitosha wote ishirini na wawili, na moja ikabaki, nikaichukua mimi. Walizivaa safarini na wakati wa kupasha misuli, kisha wakabadilisha jezi kuingia uwanjani. Mechi ya kwanza ya fulana ilikuwa Kharumwa, na tulishinda mabao matatu. Waliporudi nilikuwa nimeshatenga beseni na sabuni ya mche, nikawaambia waniletee fulana nifue. Doto akaishika yake kifuani kwa mikono miwili. Akaniuliza nimekaa Katoro miaka mingapi na bado sijui mambo. Nguo uliyovaa siku duara lilipotema dhahabu haifuliwi. Unaivaa hivyohivyo mpaka duara linyamaze lenyewe, ukiifua umeifua na bahati. Hili kila mchimbaji analijua, na robo tatu ya timu walikuwa wachimbaji. Nilimtazama Mwalimu Bakari nikidhani mtu wa Pwani ataleta akili. Akasema tusishindane na mila za watu.

Kwa hiyo hazikufuliwa, na sisi hatukufungwa. Tulishinda Chato, tukashinda Geita mjini, tukawarudia wote waliotufunga. Kila Ijumaa wachezaji walizivaa mezani wakati wa chakula, walisema ni kuziamsha. Mwezi wa pili zilikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu na harufu ya kuweza kusimama peke yake. Mbuzi wa jirani, waliozoea kuja kula maganda ya ndizi uani, walihama. Niliwapakulia kupitia dirishani nikiwa nimejifunga khanga puani, na wao walicheka mpaka mchuzi ukawapalia. Ninapokumbuka furaha, hiyo ndiyo ninayoikumbuka: vijana ishirini na wawili wananuka, wanagombania ukoko, na Maduhu ananyanyua sahani yake juu ya vichwa vyao ili nimwongeze bila kuomba. Kulikuwa na kicheko katika nyumba ile ambacho sijakutana nacho tena, na nimeishi na watu wazuri. Sikuwa na mahali pengine pa kupaita kwetu, na sikutaka pengine.

Ilibaki mechi moja, ugenini Ushirombo, na sare tu ingetutosha. Ijumaa kabla ya mechi, wakati vijana wamekaa barazani na fulana zao wanakula, gari kuukuu la misheni likasimama barabarani. Akashuka padri mzee wa kule Ushirombo, Mmarekani aliyekaa huku miaka mingi hata Kisukuma chake kilikuwa kinatuaibisha sisi. Alisimama akiwatazama, mkono mdomoni. Vijana wakadhani anaziba pua. Mwalimu Bakari akamkaribisha chai, na kwa kuwa wageni wenye heshima hawakai kwenye harufu ile, akaletwa jikoni kwangu. Nilimpa kiti na kikombe. Hakunywa. Aliniuliza, kwa Kisukuma, fulana zile tumezipata wapi. Nikamweleza belo. Akaniuliza kama anaweza kuigusa moja, nikamtolea yangu, ambayo ilikuwa safi kwa sababu mimi sikuwa mchezaji, niliivaa nikilala.

Aliiweka magotini akaanza kunisimulia, na alisimulia taratibu kama anayesimulia msiba. Kwao wana mpira wao unaobebwa mikononi, watu wanagongana kama mafahali. Timu hii ilikuwa ya mji alikozaliwa. Alianza kuipenda akiwa mtoto, na haikuwahi kuwa bingwa, wala kukaribia. Kisha mwaka mmoja, yeye akiwa huku, ilianza msimu kwa kufungwa, watu wakaizomea, halafu ikaanza kushinda, ikashinda na kushinda mpaka ikafika mechi ya mwisho kabisa. Ndugu yake alimwandikia kila wiki kumweleza. Na kule kwao, kabla ya mechi ya mwisho, wanachapa fulana za ubingwa za timu zote mbili, ili watakaoshinda wavae palepale. Nikamuuliza, na za watakaoshindwa? Akasema zinafungwa kwenye maboksi siku ileile, zinapelekwa mbali, ili mtu wa kwao asizione kamwe.

"Walishindwa, mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hizi hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuziona. Mimi ndiye wa kwanza."

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. Nikamwambia aichukue ile yangu. Alinishukuru mara tatu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wake, na Maduhu akamsindikiza hadi garini akimbebea mfuko. Niliwaona kupitia dirishani wamesimama muda kidogo wakiongea, nikadhani wanaongea habari za mechi, maana padri naye alikuwa mtu wa Ushirombo na watani hawakosi la kusema.

Usiku ule sikusema kitu na asubuhi sikusema kitu. Ningemwambia nani? Vijana wale walikuwa hawaamini tena miguu yao, waliamini fulana, na fulana mimi ndiye niliyezileta. Nilijiambia ni vitambaa tu. Lakini nimekulia huku, na mtu aliyekulia huku akisikia nguo imetengenezwa kwa ajili ya watu walioshindwa, ikafichwa kwa aibu, ikavushwa bahari, hawezi kulala. Niliona mkosi wa watu wale umetulia tu ndani ya uzi, unangoja mechi ya mwisho, kwa sababu wao pia walishinda zote mpaka ya mwisho. Na kwetu kitu chenye mkosi kinaoshwa. Jumamosi mchana, walipokwenda mazoezini, nilipita chumba kwa chumba nikazikusanya zote ishirini na mbili. Nilimaliza miche minne ya sabuni. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili ya kahawia, ya tatu nikaanza kuona herufi. Wakati nafua nilisikia geti likilia, nikageuka, sikuona mtu. Nikadhani mbuzi wameanza kurudi.

Walirudi saa kumi na moja wakazikuta kwenye kamba, nyeupe, zimejipanga uani kote. Wengine nadhani walikuwa wamesahau kuwa zilikuwa nyeupe. Doto alizipita akizigusa moja moja, kisha akaja dirishani. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema zilikuwa zinanuka. Hilo ndilo jibu nililowapa, na ndilo nililobaki nalo, kwa sababu ukweli ungewavunja kabisa na kesho yake walikuwa na mechi. Maduhu alikuwa amesimama nyuma, anatazama chini. Hawakula. Nilikuwa nimepika sato kwa nazi niliyoagiza kwa shida ili Mwalimu Bakari afurahi, na sufuria ikabaki kama ilivyo.

Walikataa kuzivaa. Walikwenda Ushirombo na mashati yao ya kawaida, kila mtu na lake, kama watu wanaokwenda mnadani. Nilipanda nyuma ya lori pamoja na vyombo, hakuna aliyeniongelesha. Uwanjani, upande wa mashabiki wao, nilimwona padri amekaa kwenye kiti cha kukunja, na chini ya koti lake, wazi kabisa, amevaa ile fulana. Ndiyo pekee iliyokuwepo uwanjani siku ile. Dakika za mwanzo tu wakatufunga. Tukashambulia mpaka roho zikatutoka, na mwisho kabisa tukapata penalti. Aliyeichukua ni Maduhu, ambaye msimu mzima hakuwahi kukosa. Aliweka mpira, akarudi nyuma, akaangalia kidogo upande wa mashabiki, akapiga. Mpira ulipaa juu ya goli, ukaenda kwenye mashamba ya watu. Refa hakutuchelewesha.

Kwenye lori ndipo maneno yalipoanza. Walilaumu sabuni. Hakuna aliyemlaumu Maduhu kwa penalti wala beki kwa lile bao. Duara lilikuwa linatema, mpishi akalifua likanyamaza. Nilikaa juu ya masufuria nikingoja mtu mmoja aseme shati halipigi penalti. Nilikuwa nangoja mmoja hasa. Alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti, hakukiinua mpaka Katoro. Jumatatu Mzee Luhende aliniita, akanipa haki yangu yote na ziada, akasema kwa upole kwamba vijana hawatakula tena chakula cha mkono wangu. Nilifunga mzigo. Wakati natoka, sahani ya Maduhu ilikuwa imeachwa mezani na nzi juu yake, mara ya kwanza mwaka mzima. Timu haikufika msimu mwingine. Dhahabu ilipatikana kwingine, vijana wakaifuata, gesti ikarudi kungoja wageni.

Msibani nilikuta wanaume wanene wenye vipara ambao nilikuwa nikiwapa ukoko. Tulisalimiana, tukacheka kidogo, na Doto akasema mbele ya wote, kwa utani wa matanga, watu wafiche nguo zao, Milembe amekuja. Wakacheka sana. Nami nikacheka, lakini ndani nilisikia kitu kilekile cha kwenye lori, kimekaa pale miaka yote kama kimechongwa. Baada ya maziko mjane wa Maduhu, Mama Kabula, aliniita chumbani. Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, na miguuni pake kuna fulana nyeupe imepigwa pasi na kukunjwa. Nilimpa pole, akanishika mkono akakataa kuuachia, nikakaa.

Akaniambia marehemu alimweleza habari ile kabla hajamuoa, kama mtu anayeungama. Padri alimwambia na yeye, pale garini. Usiku ule naye hakulala. Jumamosi alitoroka mazoezini akaja kuniomba nizifue kwa siri, kisha yeye awaambie wenzake kwamba ndiye aliyenituma. Alipofungua geti akaniona nimeinama kwenye beseni, nimeshaanza. Akarudi alikotoka.

"Alipanga kuwaambia baada ya mechi," Mama Kabula alisema. "Halafu akakosa ile penalti. Alisema alimwona padri na ile fulana, mguu ukafa. Kwenye lori, kila walipokutaja wewe, hawakumtaja yeye."

Nilimuuliza kwa nini hakunitafuta, Shinyanga si mbali. Akasema alinitafuta. Alikuja mara moja, akasimama ng'ambo ya barabara pale sokoni, akaniona nacheka na wateja, akajiambia niko sawa, akapanda basi akarudi. Mama Kabula alinisogezea ile fulana. Akasema katika nyumba yao yeye alifua kila kitu isipokuwa hiyo. Maduhu aliifua mwenyewe, kila ilipovaliwa, hata alipokuwa hana pumzi ya kubeba ndoo, na hakumruhusu mtu kuishika. Tulilia pamoja mimi na yeye, na sijui kila mmoja alikuwa anamlilia yupi. Nilimkasirikia marehemu, nikamsamehe, nikamkasirikia tena, yote kabla chai haijaletwa.

Kabla sijaondoka nilitoka barazani walikokaa kina Doto. Nilikuwa na maneno yote kinywani: padri, belo, geti lililolia. Niliwatazama, wanaume wazima wanakunywa chai ya msiba wanakumbushana mabao ya Kharumwa, wanabishana nani alimpasia nani. Doto akaiona fulana mkononi mwangu. Akaniomba aishike. Akazisoma herufi kwa kidole, akanirudishia, akasema, tulikuwa wazuri sana mwaka ule, dada. Nikamwambia ndiyo, mlikuwa wazuri. Nikaenda kupanda basi, na safari hii sikulala hata tulipopita Ushirombo.

Nyumbani niliifua, ingawa ilikuwa safi. Nilitumia beseni na sabuni ya mche, nikaisuuza maji matatu kama zamani, nikaianika uani jua la saa nne likiwaka. Mama Zawadi, jirani yangu, ambaye lazima ajue kila kinachoanikwa mtaani, alikuja kwenye ua wa michongoma akasoma herufi moja moja. Akaniuliza hao mabingwa ni kina nani.

"Walifungwa mechi ya mwisho," nilimwambia. "Lakini mwaka mzima walikula vizuri."